Filamu za Vita vya Msituni: Namna ya Kuziteua, Kuzionyesha na Kuzijadili Tunduma na Songwe

Filamu ya vita vya msituni huonyesha watu wenye silaha chache wakipambana na jeshi kubwa kwa kuvizia, kupiga na kutoweka. Nyingi ya zile zinazouzwa kwa fleshi na kuonyeshwa kwenye vibanda umiza zinamhusu mtu mmoja: steringi anayeingia porini peke yake, anapigwa risasi asife, anawamaliza maadui wote na kurudi kwao. Rambo: First Blood Part II ya mwaka 1985 ndiyo inayojulikana zaidi. Kundi la pili ni dogo na halipatikani kirahisi. Hizi ni filamu zilizotengenezwa na watu waliopigana, au walioishi karibu na waliopigana, huko Algeria, Angola, Msumbiji, Guinea-Bissau na Zimbabwe.

Mwongozo huu unahusu kundi la pili. Umekusudiwa mwalimu wa historia, mlezi wa klabu ya shule, kikundi cha vijana na mwenye banda la video anayetaka kuonyesha kitu chenye uzito zaidi walau mara moja kwa mwezi. Unaeleza filamu zipi za kuanzia, maandalizi yake, namna ya kuongoza mazungumzo, na namna ya kuwahoji wazee wa hapa walioviona vita vya ukombozi kwa macho yao.

Swali moja linabeba kazi yote: nani amebeba mzigo? Mpiganaji wa msituni haishi kwa risasi. Anahitaji wa kumpikia, wa kumficha, wa kumwonyesha njia, wa kumbebea sanduku na wa kunyamaza askari wakija kuuliza. Filamu inayowasahau watu hao inadanganya, hata kama mavazi na bunduki ni za kweli. Watu wa Songwe, kwa sehemu kubwa, walikuwa upande huo wa vita. Wana haki ya kujitafuta kwenye kioo na kuuliza kwa nini hawaonekani.

Kwa nini mpakani

Mapema Novemba 1918 kikosi cha Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, kilivuka mpaka kutoka upande huu kuingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kilishambulia kituo cha Waingereza cha Fife, jirani na Nakonde ya leo, kikashindwa kukiteka. Kwenye misheni ya Mwenzo kilijipatia dawa za kwinini, kisha kikaendelea hadi Kasama. Habari kwamba vita vimesimamishwa Ulaya zilimkuta kamanda huyo kwenye mto Chambeshi. Alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba, majuma mawili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya.

Vitabu vya kijeshi humsifu Lettow-Vorbeck kama bingwa wa kuvizia na kukwepa. Havikai kwa muda uleule kwenye habari za askari wake Waafrika, wapagazi waliokufa njiani kwa homa na njaa, na vijiji vilivyonyang'anywa nafaka. Waingereza nao walibebewa mizigo na wapagazi. Upande wa Zambia na Malawi waliitwa tengatenga. Kisa hiki kinafaa kuelezwa kabla ya filamu yoyote, kwa sababu kinatenganisha mambo mawili ambayo watazamaji huyachanganya. Vita vya msituni ni mbinu, na mbinu inaweza kutumiwa na yeyote. Kupigania uhuru ni shabaha. Lettow-Vorbeck alikuwa na mbinu. Uhuru wa watu waliombebea mizigo haukuwa shabaha yake.

Nusu karne baadaye barabara ya Tunduma ilikuwa na kazi nyingine. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa Rhodesia, na Zambia ikajikuta haina njia salama ya kusini. Mafuta yakaanza kupita Tunduma kwa malori, juu ya barabara ya vumbi na matope iliyoua madereva wengi. Bomba la mafuta la TAZAMA likafuata mwaka 1968, kisha reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kwenye mkondo huohuo walipita wapigania uhuru. Walitoka kwenye kambi za Tanzania, kama Kongwa mkoani Dodoma, Mgagao mkoani Iringa na Itumbi wilayani Chunya, wakavuka kuingia Zambia na kuteremka hadi mto Zambezi. Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia walilipua daraja la TAZARA kwenye mto Chambeshi, mto uleule wa mwaka 1918.

Kwa hiyo mtazamaji wa Tunduma ana kitu ambacho mtazamaji wa London hana: barabara, reli, na wazee wa kumwambia kama filamu inasema kweli.

Filamu za kuanzia

Mwandaaji asianze na orodha ndefu. Filamu tano zilizojadiliwa vizuri zina faida kuliko ishirini zilizopita tu. Zifuatazo zimepangwa kuanzia ile inayolijibu vyema zaidi swali la mzigo.

*Mortu Nega*, ya Flora Gomes, Guinea-Bissau, 1988. Hii ndiyo ya kwanza kuonyeshwa, na mwandaaji asishawishike kuanza na nyingine. Vita ni vya PAIGC, chama cha ukombozi, dhidi ya Wareno, na hadithi inaanza mapema mwaka 1973, mwaka ambao kiongozi wa chama hicho, Amílcar Cabral, aliuawa. Mhusika mkuu ni mwanamke, Diminga, anayefuatana na msafara wa kupeleka silaha mstari wa mbele ili amfikie mumewe, Sako. Kamera inakaa na wabebaji: watu kwenye majani marefu, mizigo vichwani, wakikaa kimya helikopta inapopita. Mapigano yenyewe ni machache. Nusu ya pili ni baada ya uhuru: mvua hazinyeshi, kidonda cha Sako kinarudi, na wanawake wanafanya tambiko kuwaomba waliokufa wawasaidie. Watazamaji waliozoea makomando watalalamika mwanzoni kwamba hakuna kinachotokea. Waachwe walalamike, kisha waulizwe huo msafara ulikuwa unafanya nini.

*Sambizanga*, ya Sarah Maldoror, 1972. Inahusu Angola lakini ilipigwa Kongo-Brazzaville, kwa kuwa Angola ilikuwa bado chini ya Wareno. Maldoror aliandika mswada pamoja na mumewe, Mário Pinto de Andrade, mmoja wa viongozi wa mwanzo wa harakati ya ukombozi ya MPLA, na baadhi ya waigizaji walikuwa wanachama wa harakati hiyo. Dereva wa trekta, Domingos Xavier, anakamatwa na polisi; mkewe Maria anambeba mtoto mgongoni na kwenda kumtafuta kwa miguu, ofisi hadi ofisi, gereza hadi gereza. Bunduki za wapiganaji hazionekani kabisa. Kinachoonekana ni namna habari inavyosafiri: mtoto anamwona mfungwa akishushwa kwenye gari, anamwambia babu yake, babu anampelekea mtu mwingine, naye anampelekea mwingine. Mwanafunzi akiifuatilia habari hiyo mkono kwa mkono na kuichora kwenye karatasi, atakuwa ameelewa harakati ya siri kuliko kwa kusoma sura nzima ya kitabu.

*The Battle of Algiers*, ya Gillo Pontecorvo, 1966. Ni maarufu kuliko zote: ilipata tuzo ya Simba wa Dhahabu Venice, Ufaransa ikaizuia kwa miaka kadhaa, na mwaka 2003 iliitishwa na makao makuu ya jeshi la Marekani ili maofisa waitazame wakati wa vita vya Irak. Saadi Yacef, aliyekuwa kiongozi wa FLN, harakati ya ukombozi ya Algeria, mjini Algiers, alikuwa mmoja wa watayarishaji na aliigiza kiongozi anayefanana naye mwenyewe. Picha zinafanana na za habari, lakini hakuna hata kipande kimoja cha habari halisi ndani yake. Kila kitu kiliigizwa. Watazamaji waambiwe jambo hilo mapema.

Kuna dakika chache kwenye filamu hii zinazostahili kurudiwa mara mbili. Polisi wametega bomu usiku kwenye makazi ya Waarabu na watoto wamekufa. Wanawake watatu wanavua baibui mbele ya kioo, wanakata nywele kwa mtindo wa Kizungu, wanapita vizuizi vya askari na mabomu kwenye vikapu. Mmoja anaketi mgahawani. Kamera inazunguka taratibu juu ya nyuso za watakaokufa, na miongoni mwao yumo mtoto anayelamba aiskrimu. Filamu inaunga mkono uhuru wa Algeria waziwazi, na bado haimruhusu mtazamaji asiuone uso wa mtoto huyo. Kipande hiki kinafaa kusimamishwa hapohapo, taa ziwashwe, na watu waachwe wakae nacho kabla ya neno lolote.

*Flame*, ya Ingrid Sinclair, Zimbabwe, 1996. Marafiki wawili wa kike wanatoroka kijijini na kuvuka kwenda Msumbiji kujiunga na wapiganaji. Filamu inasema wazi kwamba wasichana walitendewa ukatili kambini, na kamanda wa upande wao wenyewe anambaka mmoja wao. Baadhi ya maveterani walikasirika, na polisi wa Zimbabwe waliikamata mikanda kabla filamu haijakamilika. Ni filamu ya watu wazima, na ni muhimu kwa kuwa inaonyesha kwamba jeshi la ukombozi nalo lina watu waliolibeba na kuumizwa nalo.

*Mueda, Memória e Massacre*, ya Ruy Guerra, Msumbiji, 1979. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda, nyanda za Wamakonde. Baada ya uhuru wakazi wenyewe walikuwa wakiigiza tukio hilo mahali lilipotokea, na Guerra alilipiga picha igizo lao pamoja na ushuhuda wa walionusurika. Kwa kikundi chenye mpango wa kuigiza historia ya kwao, hakuna mwalimu bora.

Filamu zilizotengenezwa na upande wa pili

Baadhi ya filamu kuhusu vita vya eneo letu zilitengenezwa na waliokuwa wakipigwa vita. *Simba* (1955) na *Something of Value* (1957) zilitoka Hali ya Hatari ikiwa bado inaendelea Kenya. Katika zote mbili kitovu cha hadithi ni shamba la mlowezi, na wapiganaji wa Mau Mau huja usiku na panga bila maelezo ya kutosha ya ardhi iliyochukuliwa. Ya pili ina afadhali kidogo, kwa kuwa Sidney Poitier anaigiza Kimani, kijana ambaye sababu za kuingia kwake msituni zinaonekana. Ujerumani, wakati wa Hitler, ilitoa *Carl Peters* mwaka 1941, ikimgeuza shujaa mtu ambaye serikali ya Kaisari yenyewe ilimfukuza kazi kwa ukatili wake Kilimanjaro. *Shout at the Devil* ya mwaka 1976, inayohusu vita vya Wajerumani pwani ya kusini ya Tanganyika, ilipigwa Afrika Kusini wakati wa ubaguzi. Waafrika wamo kama umati unaobeba na kufa.

Filamu hizi hazifai kuonyeshwa peke yake. Zinafaa kwa vipande vya dakika 5 au 10, kikitangulia kipande cha *Simba* na kufuatiwa na *The First Grader* ya mwaka 2010, inayomhusu Kimani Maruge, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Vita ni vilevile. Tofauti ni mahali kamera iliposimama.

Maandalizi hatua kwa hatua

1. *Tazama filamu nzima peke yako kwanza.* Andika dakika na sekunde za vipande vya ubakaji, mateso na maiti. Mwandaaji anayeiona filamu kwa mara ya kwanza pamoja na wanafunzi hana namna ya kuwalinda.

2. *Onana na Afisa Utamaduni wa halmashauri.* Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inaweka maonyesho ya hadharani chini ya usimamizi wa Bodi ya Filamu, na filamu hupangiwa umri wa watazamaji. Nenda na jina la filamu, mwaka, nchi, muhtasari wa nusu ukurasa, mahali na tarehe. Hii ni kazi ya wiki kadhaa. Haifanywi Ijumaa kwa onyesho la Jumamosi.

3. *Tafuta haki ya kuonyesha.* Nakala ya fleshi kutoka mtaani si ruhusa. Hakimiliki inalindwa na sheria ya mwaka 1999. Wasambazaji wengi wa filamu za namna hii hukubali bei ndogo, au hutoa bure, kwa shule inayoomba kwa barua na kueleza kwamba hakuna kiingilio.

4. *Mjulishe mtendaji wa mtaa au kijiji.* Jina lenye neno vita, mkusanyiko wa usiku na vijana wengi vinaweza kuzua hofu mpakani. Barua fupi ikiambatana na kibali huondoa maswali mlangoni.

5. *Panga tafsiri.* Filamu hizi ziko kwa Kireno, Kifaransa, Kiarabu, Krioli au Kiingereza, na maandishi ya chini ya kioo hayasomeki vizuri kwa watu wa nyuma. Tanzania ina ufundi wake wa kusimulia filamu kwa sauti, ule uliompa jina msimulizi Lufufu kwenye mabanda ya Dar es Salaam. Ufundi huo utumike, kwa masharti: msimulizi apewe muhtasari siku chache kabla, asiongeze vichekesho kwenye vifo, asibadili majina ya nchi, na anyamaze pale wahusika wanaponyamaza. Katika *Sambizanga* Maria analia kwa sauti akipiga hatua. Msimulizi anayekifunika kilio hicho kwa maneno ameiharibu filamu.

6. *Kagua mahali na msimu.* Kati ya Novemba na Aprili mvua hairuhusu kiwanja cha wazi. Juni na Julai hakuna mvua, lakini usiku wa Tunduma, Mbozi na Ileje una baridi ya kuwatoa watu kabla filamu haijafika katikati. Darasa au ukumbi wa kanisa wenye madirisha ya kuzibwa kwa magunia unatosha kwa onyesho la saa 9 alasiri, na wasichana wanarudi nyumbani kabla ya giza.

> HADHARI
>
> Tunduma hupitiwa na kukaliwa na watu waliokimbia vita halisi, hasa kutoka mashariki mwa Kongo. Kwa mtu aliyeona kijiji chake kikichomwa, filamu ya vita si burudani.
>
> • Kabla ya kuanza, tangaza kwa Kiswahili chepesi kilichomo: milio ya risasi, mateso, ubakaji, maiti.
> • Acha mlango mmoja usiofungwa, na mtu mzima akae karibu nao.
> • Usimwombe mtu yeyote asimulie yaliyompata mbele ya watu. Akitaka mwenyewe, asikilizwe bila kuhojiwa.
> • *Flame* na *The Battle of Algiers* zisionyeshwe kwa watoto.
> • Usiruhusu kampeni ya chama chochote itumie onyesho.

Siku ya onyesho

Vitu vya kuwa navyo mkononi:

☐ kibali na barua ya ruhusa, nakala mbili
☐ projekta na kompyuta iliyojaribiwa kwa filamu yenyewe, siku moja kabla
☐ nakala ya pili ya filamu kwenye fleshi nyingine
☐ spika mbili. Moja mbele huwanyima watu wa nyuma maneno
☐ shuka jeupe lililovutwa lisiwe na mikunjo
☐ jenereta, mafuta yake, na waya mrefu wa kuiweka mbali na ukuta
☐ ramani ya Afrika inayoonyesha Tunduma, Chambeshi, Zambezi na nchi ya filamu
☐ karatasi za maswali na kalamu

Mwongozaji anaeleza kwa dakika zisizozidi 10: nchi, mtawala, chama kilichopigana, mwaka, na aliyetengeneza filamu. Anaonyesha kwenye ramani. Haelezi mwisho.

Kila mtazamaji anapewa kazi moja ya kutazama, si zote. Safu ya kwanza ihesabu kila mtu anayebeba kitu, safu ya pili ifuatilie chakula kinatoka wapi, ya tatu iandike nani anazungumza na nani hapewi sauti, ya nne iangalie adui ana jina na familia au ni kofia tu. Kazi ndogo ya namna hii hutuliza ukumbi kuliko mwalimu mwenye fimbo, na majadiliano yanaanza na vitu vilivyoonekana badala ya maoni ya jumla.

Filamu isimamishwe mara moja tu, mahali palipochaguliwa mapema. Baada ya filamu kila safu inasema ilichokiona, kisha mwongozaji anaingiza maswali haya, mawili au matatu yatosha:

• Msafara wa Diminga ungepita hapa, ungelala wapi? Nani angewapa maji?
• Ni nani angepata hasara kama adui angejua?
• Filamu ilitengenezwa kwa fedha za nani, na inamtaka mtazamaji amwamini nani?
• Kuna jambo ambalo wapiganaji wa upande unaopendwa walifanya na halikustahili? Filamu imelikabili au imeligeuzia mgongo?

Ukumbi ukigawanyika juu ya swali la mwisho, mwongozaji asiamue. Watu wazima wa Algeria na Zimbabwe bado hawajalimaliza.

Kuwahoji wazee

Hapa ndipo kazi ya Songwe inapopata uzito wake. Wazee walioendesha malori ya mafuta, waliojenga reli, waliouza chakula karibu na mpaka au waliokuwa Jeshi la Kujenga Taifa miaka ya 1960 na 1970 wanapungua kila mwaka. Vitabu 9 vya mradi wa Hashim Mbita wa SADC, vilivyotolewa mwaka 2014 na kuitwa kwa jina la Katibu Mtendaji wa mwisho wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), vimekusanya mengi kuhusu vyama, viongozi na kambi. Mama aliyewapikia wageni wasiotaja majina yao hatafutwi na mradi mkubwa. Atatafutwa na mjukuu mwenye simu.

Kanuni ya kwanza inapuuzwa karibu kila mahali: mzee ahojiwe kabla ya kuoneshwa filamu. Akitazama kwanza, picha za filamu huingia kwenye kumbukumbu zake, naye kwa nia njema kabisa ataeleza helikopta ambazo hazikufika Mbozi.

1. Nenda mara ya kwanza bila kifaa cha kurekodi. Salimu, eleza kazi, omba ruhusa. Kwa mzee wa Kinyamwanga, Kinyiha au Kindali, nenda na mtu wa nyumbani anayejua lugha hiyo. Kiswahili chake kinaweza kuwa kizuri sana, lakini mambo ya ndani huja kwa lugha ya mama.

2. Mwache achague saa na mahali. Kaa mbali na barabara kuu. Honi na breki za malori hufunika sauti kwenye rekodi ya simu.

3. Rekodi ridhaa yake mwanzoni: jina analotaka litumike, nani aruhusiwe kusikiliza, na kama anataka baadhi ya mambo yafungwe hadi baada ya kifo chake.

4. Anza na kazi, si na siasa. "Bibi, siku hizo ulikuwa unauza nini, na nani walikuwa wanunuzi?" hutoa majibu marefu. "Je, uliwasaidia wapigania uhuru?" hutoa ndiyo ya heshima na kumaliza mazungumzo.

5. Tafuta mwaka kwa matukio. Wengi hawakumbuki tarehe, lakini wanakumbuka kama jambo lilikuwa kabla ya Azimio la Arusha la 1967, wakati Wachina wanajenga reli, wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa katikati ya miaka ya 1970, au wakati wa vita vya Amin vya 1978 na 1979.

6. Andika jina la mahali kama anavyolitamka, kisha mwombe akuonyeshe ilipokuwa njia, stoo au kisima. Piga picha.

7. Linganisha na mzee mwingine asiyeishi naye. Wakitofautiana, hifadhi masimulizi yote mawili.

Anayefuatilia nyaraka akumbuke kwamba Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016. Karatasi za kabla ya hapo ziko chini ya Mbeya, na za ukoloni hutaja wilaya na vituo kwa majina ambayo hayapo tena, kama Abercorn na Fife upande wa pili.

Makosa yanayorudiwa

Kosa kubwa kuliko yote ni kuchagua filamu kwa wingi wa milipuko. Vijana huja, hushangilia, huondoka, na kikundi hudhani kimefundisha historia.

Lingine ni kumleta mzee mbele ya ukumbi kama mgeni wa heshima na kumpa dakika 5 za hotuba. Ataongea kama mgeni rasmi, na yale aliyoyajua yatabaki kwake.

Wapo wanaodhani kila aliyepita Tunduma na begi miaka ile alikuwa mpigania uhuru. Mpaka huu daima umepitiwa na wafanyabiashara, wachimba migodi waliokwenda Copperbelt ya Zambia, jamaa wanaotembeleana na wakimbizi. Mhojaji asimvishe mtu sifa ambayo hakuitaja, wala asimnyime aliyonayo kwa kuwa hakuwahi kushika bunduki.

Wengine hupakia sauti ya mzee mtandaoni usiku uleule. Kijana amepata wafuasi. Mzee amesikia mambo ya nyumbani kwake sokoni. Ridhaa ya kurekodi si ridhaa ya kusambaza, na kila moja iombwe kwa wakati wake.

Mahali pa kuhifadhi

Rekodi iliyobaki kwenye simu moja huisha na simu hiyo. Siku ileile faili inakiliwa kwenye kompyuta ya shule au kikundi na kwenye diski nyingine inayokaa nyumba tofauti. Jina la faili libebe mwaka, mwezi na tarehe ya mahojiano, kijiji, na jina ambalo mzee amekubali litumike. Karatasi ya ukurasa mmoja iambatane nayo: aliyehoji, lugha, muda, mambo makuu na masharti ya mzee.

Nakala moja inarudi kwa familia. Nyingine, ikiwa masharti yanaruhusu, inapelekwa kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, na kwa Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Afrika, Dar es Salaam, inayokusanya kumbukumbu za namna hii nchini. Filamu ya *Mueda* ilianza na wakazi walioigiza siku yao kila mwaka kabla ya kamera yoyote kufika. Kikundi chenye masimulizi matatu au manne yaliyolinganishwa vizuri kina mswada wa kutosha kwa igizo la dakika 20. Igizo hilo lichezwe kwanza kwenye uwanja wa kijiji lilikotoka, wazee waliohojiwa wakiwa wameketi mbele na wakiwa na ruhusa ya kusimama na kusahihisha.